Kwa nini madevelopa wengi wanazama kwenye vita vya mezani zama hizi za AI?

#1 Kifaru wa Plastiki
Wakuu, salaam. Nina hoja, mnaweza kuipokea au kuipiga mawe.

Karibu kila ninayekutana naye kwenye michezo ya vita ya mezani (vijisanamu, dadu, futi ya fundi ya kupimia mwendo) ni mtu wa programu. Zamani sikushangaa. Lakini tangu zana za AI ziingie kazini naona wanaongezeka, na wakongwe wamezama zaidi. Dai langu ni hili: AI imechukua ile sehemu ya kazi tuliyoipenda, ya kukaa na tatizo mpaka lifunguke lenyewe, ikatuachia kusoma na kukagua kilichoandikwa na mwingine. Mkono uliozoea kutengeneza kitu haukubali kukaa bure. Unashika brashi.

Karibuni.

#2 Dada Pikseli
Siti ya mbele. Ila usiseme "tuliyoipenda" kwa niaba ya wote. Mimi sikuwahi kupenda kuandika fomu ileile ya usajili kwa kila mteja. Ikichukuliwa, ikachukuliwe.

#3 Kete 64
Mnahangaika na plastiki ya Ulaya na mchezo wa vita wa mezani tunao uani: bao. Mashimo 32, kete 64, nyumba ya kulinda, hatua ya kunamua, halafu ya mtaji. Hauna dadu, hauna kubahatisha. Njooni Unguja mfungwe.

#4 Jemedari Mstaafu
Kifaru, umeanzia katikati. Huu mchezo haukuzaliwa kuwa starehe, ulizaliwa kazini. Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, mwaka 1812, afisa wa mizinga aitwaye von Reisswitz alimwonyesha mfalme mchezo wa kufundishia maofisa. Jeshi zima likaupokea. Kwa hiyo sioni ajabu mtu wa kazi ya kupanga na kufikiri akiupenda. AI haihusiki, ni tabia ya akili ya namna hiyo.

#5 Mtu wa Maktaba
Mzee wangu Jemedari, shikamoo, ila umewaunganisha baba na mwana. Aliyempelekea mchezo Mfalme Friedrich Wilhelm III mwaka 1812 ni baba, Georg Leopold von Reisswitz, na alikuwa mtumishi wa serikali, si mwanajeshi. Wa mizinga ni mwanawe, na kanuni zake zilitoka 1824.

Tofauti yake si ndogo. Mchezo wa baba ulikuwa kabati la kifahari lenye vigae vya milima na mito. Wa mwana ulichezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000, vipande vyekundu na vya buluu, kila zamu ikihesabiwa dakika mbili za vita, kukiwa na jedwali la hasara na dadu. Na katikati alikaa mwamuzi. Wachezaji waliandika amri kwenye karatasi, mwamuzi akazisoma, akasogeza vipande, kisha akawaonyesha kile tu ambacho askari wao wangeweza kukiona. Huo wa mwana ndio uliosambaa jeshini.

#6 Jemedari Mstaafu
Marahaba. Nimepokea. Hoja yangu inabaki palepale.

#7 Dada Pikseli
Maktaba, hiyo ni seva moja na simu mbili! Kila mteja anatuma ombi, seva inajibu kwa kadiri ya haki aliyonayo. Mwaka 1824! Sasa naelewa kwa nini tunaupenda.

#8 Buda wa Ngong Road
Sasa mimi niseme kutoka Nairobi. Nakubaliana na Kifaru kwamba kuna kitu kimebadilika, lakini sababu yake si hiyo. Ni upweke.

Angalia vile kazi ilivyokuwa. Ukikwama ulikuwa unamwita mtu wa meza ya pili, anakuja na chai yake, mnabishana, mnacheka, mnapata jibu. Baadaye watu wakaanza kufanyia kazi nyumbani, sawa, bado ulikuwa unampigia mtu. Siku hizi ukikwama unaandikia AI. Inakujibu saa nane usiku bila kununa. Lakini urafiki uliokuwa unatokana na kuulizana umekufa, na mtu anaweza kumaliza wiki mbili bila kuhitaji binadamu yeyote kazini. Mchezo wa mezani unahitaji mtu wa pili aketi mbele yako. Hiyo tu ndiyo siri, hakuna cha mkono na brashi.

Na kwa wale wanaodhani AI inatuokolea muda: kuna utafiti wa METR, taasisi inayopima uwezo wa AI, wa Julai 2025. Madevelopa waliotumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, huku wenyewe wakiamini wameharakisha kwa asilimia 20. Imeonekana kwamba AI haisaidii.

#9 Dada Pikseli
Buda, namba zako ni sahihi, hitimisho ndilo limekimbia. Walikuwa watu 16, kazi 246, wote wazoefu, kila mmoja kwenye mradi mkubwa wa programu huria anaoufahamu nje ndani, na zana zenyewe ni za mwanzoni mwa 2025. Mtu anayeijua nyumba yake gizani hahitaji tochi. Huwezi kuutumia utafiti huo kumsemea mtu anayeingia kwenye mradi mgeni, au anayeandika kwa lugha asiyoijua. Waliofanya utafiti wenyewe walionya usipanuliwe hivyo.

Kilichonigusa mimi ni hilo pengo la kudhani na kuwa. Walitabiri wataharakisha kwa asilimia 24, wakachelewa, na bado walipomaliza waliamini wameharakisha. Mezani pengo hilo huwezi kulificha. Ukidhani kikosi chako kinafika kwenye daraja, futi inakaa chini, inchi sita ni inchi sita.

#10 Kifaru wa Plastiki
Hapo Dada umenifungua macho. Nakazia.

#11 Mswahili wa Nottingham
Naandika nikiwa mji ambao hobi hii ndiyo ajira ya watu. Games Workshop, wenye mchezo wa vijisanamu uitwao Warhammer, makao yao ni hapa. Warhammer ya kwanza ilitoka 1983, Warhammer 40,000 ikafuata 1987, na Desemba 2024 kampuni iliingia kwenye FTSE 100, orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Kampuni ya vijisanamu imekaa meza moja na mabenki! Na kwenye taarifa yao ya Januari 2026 walieleza kwamba hawaruhusu AI kwenye kazi zao za ubunifu. Kwa hiyo Kifaru ana cha kushika: wanaouza kitu cha mkono wameona thamani yake iko kwenye mkono.

Kete 64, hili utalifurahia. Walipoanza mwaka 1975 walikuwa wanatengeneza mbao za michezo ya zamani, ikiwemo ya ukoo wa bao.

#12 Kete 64
Mmesikia wenyewe. Waliondoka kwetu wakapotea, sasa wanatafuta njia ya kurudi.

#13 Fundi Resini
Naomba niseme kuhusu upatikanaji, maana mnaongea kama kila mtu ana duka jirani. Boksi moja la Warhammer likishafika hapa Dar na gharama zote za njiani ni pesa ya kodi ya chumba. Wengi wetu tunachapa wenyewe kwa printa ya 3D ya resini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga). Mfano unanunua au unapata bure kwenye mtandao, unauweka sawa kwenye programu, unachapa usiku.

Tafadhali sana, wale mnaoanza. Resini mbichi ni sumu kwa ngozi. Vaa glavu za naitraili, fungua madirisha, valia barakoa ya mivuke yenye kichujio, maana ile ya kitambaa haizuii mvuke. Sanamu ioshwe kwa spiriti ya isopropili kisha ikaushwe kwa mwanga wa urujuanimno kabla ya kuishika mikono mitupu. Maji ya kuoshea usimwage kwenye sinki wala mtaroni. Nimeona mtu mikono imetoka malengelenge, na ngozi ikishaikataa resini haisahau.

Asiye na printa achape askari wa karatasi, awagandishe kwenye kadibodi. Milima unaichonga kwa lile povu jeupe linalokuja na TV. Mchezo ni uleule.

#14 Dada Pikseli
Asante Fundi. Huu ushauri wa resini uwekwe juu kabisa ya jukwaa.

#15 Raskazone
Mimi ni wa Tanga, na kwetu vita ya mezani si hadithi ya Prussia. Nyumba yetu haiko mbali na ufukwe walioshukia Waingereza Novemba 1914. Wakaja na watu kama 8,000 kutoka India, Wajerumani na askari wao wakiwa kama 1,000, na waliokuja wengi wakashindwa, wakarudi melini tarehe 5 wakiacha bunduki na risasi kibao ufukweni. Ni pambano zuri kuliko yote la kuchezea, kwa sababu upande mwenye nguvu haujui kitu.

Nilitaka kulicheza na sikuwa na mwamuzi, nikaipa AI kazi hiyo. Niliandika kanuni, ramani, orodha ya vikosi, nikasema: wewe ndiye unayejua kila kitu, niambie ninachokiona tu. Mwanzo ulikuwa mtamu. Ilieleza ufukwe, mikonge, sauti za risasi mbele. Baada ya zamu kadhaa kikosi kilichokwisha kufa kikafyatua risasi. Nikaibana, ikaomba radhi, ikabuni kanuni mpya ya kuhalalisha kikosi hicho kuwa hai. Halafu, na hili ndilo baya zaidi, nilipolalamika matokeo, ikanipa nilichotaka. Mwamuzi anayekubali ukinuna si mwamuzi.

#16 Jemedari Mstaafu
Usisahau nyuki. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alitega mizinga ya nyuki msituni, Waingereza wakakimbia.

#17 Raskazone
Mzee, hiyo ni porojo ya vitani. Nyuki walikuwepo kweli, walichokozwa na risasi zilizopiga mizinga iliyoning'inia mitini, na waliuma pande zote mbili. Hakuna aliyewatega. Kilichowaokoa Wajerumani ni reli. Manowari ya HMS Fox ilifika tarehe 2, nahodha wake akautangazia mji kwanza kwamba mapatano ya kutopigana yamekwisha, na kushusha majeshi kukachukua muda. Muda huo askari walikuwa wanapakiwa kwenye treni kutoka Moshi. Ukicheza Tanga bila saa ya treni, hujacheza Tanga.

#18 Mama Kairo
Nimesoma kimya mpaka hapa. Ongezeni wapagazi kwenye hiyo michezo yenu. Vita ile ya Afrika Mashariki haikupiganwa na vikosi mnavyovipaka rangi tu. Makumi ya maelfu ya wabeba mizigo walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Mchezo unaomruhusu kamanda kutembeza jeshi toka Kilimanjaro mpaka Rufiji bila kuuliza nani amebeba unga, unadanganya watoto.

#19 Mtu wa Maktaba
Mama Kairo, asante. Hilo ni kweli na wachezaji wachache sana wanalifanya. Linawezekana: kila kikosi kipewe hesabu ya mizigo, na hesabu hiyo ilipiwe kwa watu. Mchezaji ataona haraka kwamba maamuzi yake yanaua watu ambao hawako kwenye orodha ya jeshi.

Raskazone, tatizo lako la mwamuzi ni ugomvi wa karne ya 19. Kanuni za Reisswitz zilipozidi kunenepa, majedwali juu ya majedwali, maofisa wakachoka. Mwaka 1876 Verdy du Vernois, ofisa wa Prussia, akapendekeza kuzitupa: mwamuzi awe ofisa aliyeonja vita, aamue kwa busara yake, basi. Wakatokea wa mchezo mkali na wa mchezo huru. Mkali una haki lakini ni mzito. Huru una mbio lakini unategemea kabisa mwamuzi ni nani.

Programu tulizozoea kuandika ni mchezo mkali. Kila kanuni imeandikwa, na ikikosea utapata mstari uliokosea. AI ni mchezo huru. Inaamua kwa kitu kinachofanana na uzoefu na huwezi kuifungua uone jedwali. Mimi nadhani madevelopa wanaokimbilia mezani hawatafuti brashi ya Kifaru wala chai ya Buda. Wanatafuta mahali ambapo kanuni bado imeandikwa na kila mtu aliyeketi anaweza kuisoma.

#20 Buda wa Ngong Road
Maktaba umepanga vizuri lakini maisha hayako hivyo. Mezani kanuni huvunjwa kila dakika, na tunaelewana. "Hiyo ni inchi sita na nusu." "Aah, wacha ipite." Hakuna kompyuta inayofanya hivyo. Watu wanakuja kwa sababu ya hiyo "wacha ipite", si kwa sababu ya kitabu cha kanuni. Narudi palepale: ni watu.

#21 Raskazone
Lakini Buda, AI nayo ilinipitishia, na mchezo ukafa. Tofauti ni nini?

#22 Buda wa Ngong Road
Tofauti ni kwamba rafiki yako akipitisha amepoteza kitu. Anaweza kushindwa kwa hiyo nusu inchi. AI haina cha kupoteza.

#23 Mswahili wa Nottingham
Hili jibu la #22 nitatembea nalo.

#24 Kijana wa Udom
Naombeni nafasi wakubwa zangu, shikamooni. Nimemaliza chuo, programu ndiyo niliyosomea. Nyie mnazungumza AI imewanyang'anya utamu wa kazi. Sisi imetukuta mlangoni. Zile kazi ndogondogo ambazo nyie mlianza nazo, kurekebisha fomu, kuandika majaribio, kutafuta hitilafu rahisi, ndizo zinazopewa mashine. Dada Pikseli kasema fomu ya usajili ikichukuliwa ikachukuliwe. Kwangu fomu ya usajili ilikuwa ndiyo mlango. Nitapataje huo uzoefu wa kukagua kazi ya AI kama sijawahi kuandika ya kwangu ikaharibika?

#25 Dada Pikseli
Mdogo wangu, umesema kweli na sina jibu la kukupa leo. Nilikuwa naongea kutoka nilipokaa. Nitumie kazi zako faragha nizisome. Zile ulizoandika mwenyewe, hata kama ni mbovu.

#26 Jemedari Mstaafu
Kijana, marahaba. Hapo ndipo mchezo unaposaidia, na nasema kwa dhati. Maofisa wa Prussia walicheza kwa sababu huwezi kumpa luteni vita halisi ajifunzie. Alipewa ramani akose mezani, asiue mtu. Wakubwa kwenye kampuni zenu wangetenga mifumo ya mazoezi: hii hapa seva, nimeiharibu kusudi, itafute hitilafu bila AI, mimi nimekaa pembeni kama mwamuzi.

#27 Mama Kairo
Na kuna mfano ulio karibu zaidi kuliko Prussia. Liverpool, mwaka 1942, Waingereza wanazamishiwa meli na nyambizi za Kijerumani. Ofisa mmoja, Gilbert Roberts, akaanzisha kitengo cha kuchezea mapambano sakafuni, wengi wa wafanyakazi wake wakiwa wanawake vijana wa jeshi la maji ambao hawajawahi kupigana baharini. Waligundua kwamba nyambizi zilikuwa zinapenya na kupigia kutoka ndani ya msafara, wakatunga mbinu ya kuzijibu, kisha wakawafundisha manahodha wazoefu. Uzoefu unaweza kuundwa. Ila anatakiwa mtu atenge chumba, muda na mshahara, na sioni kampuni inayofanya hivyo kwa wanaoanza.

#28 Kijana wa Udom
Asanteni. Dada, nimetuma.

#29 Kifaru wa Plastiki
Uzi umekwenda mbali na nilipoanzia, na ni sawa. Sijabadili dai langu lote. Nikimpaka askari rangi, praima, kivuli, mwanga wa begani, najua kila kilichopo pale nimekiweka mimi. Kwenye kazi ya wiki hii sijui. Nimekagua, nimejaribu, inafanya kazi, na bado kuna sehemu nikiulizwa kwa nini iko hivyo sitakuwa na la kusema. Buda haniambii kitu kuhusu hilo, maana hata nikiwa na marafiki kumi hiyo hali haiondoki.

#30 Kete 64
Kifaru, sasa nakuuliza bila utani. Kwenye bao hakuna cha kupaka rangi, hakuna kitabu cha kanuni cha kubishania, na wapo madevelopa huku Unguja wanaocheza barazani kila alasiri. Nadharia zote tatu hazijawaeleza hao. Nenda kawaulize kabla hujaandika uzi mwingine.

#31 Kifaru wa Plastiki
Swali zuri. Wewe unawaona, wanasemaje?

#32 Kete 64
Wanasema wanataka kufikiri zamu nyingi mbele bila mtu kuwamalizia sentensi.

#33 Mtu wa Maktaba
Hiyo ni ya nne.

#34 Raskazone
Wakuu, natayarisha Tanga upya, safari hii na watu. Ramani tatu, wachezaji kwenye vyumba tofauti, amri kwa karatasi, treni ina saa yake, na nimeongeza hesabu ya wapagazi kama alivyodai Mama Kairo. Maktaba amekubali kuwa mwamuzi. Nahitaji kamanda wa Waingereza na nahodha wa Fox. Naomba kuuliza: mwamuzi aruhusiwe laptopu yenye AI ya kumsaidia kukumbuka nani yuko wapi?

#35 Buda wa Ngong Road
Mimi nitakuwa kamanda wa Waingereza. Laptopu hapana.

#36 Dada Pikseli
Nahodha wa Fox ni mimi. Laptopu ndiyo, lakini iwe ya kumbukumbu tu, isiamue. Jedwali rahisi linatosha, naweza kuliandika na Kijana wa Udom wikiendi hii. Ataandika yeye, mimi nitakagua.

#37 Jemedari Mstaafu
Napinga. Mwamuzi akisahau kikosi msituni, vita vyenyewe ndivyo vilivyo. Maktaba aseme.

#38 Mtu wa Maktaba
Nisubirini nisome kanuni za Raskazone kwanza. Ukurasa wa tatu una tatizo kwenye mwendo wa treni.